Nilimtetea Babu, Nikamficha Binti

Nimekosa. Nilikosea mbele za watu, nimevaa sare ya kitenge, kipaza sauti mkononi, na watu wakanipigia makofi. Ndiyo maana nakiri mbele za watu pia, ila jina langu naomba mniachie. Karatu si kubwa, na waongoza watalii wenye maneno mengi tunajulikana.

Nianze na hayo maneno, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Kazi yangu ni kuchukua wageni lodji asubuhi, kuwapakia kwenye Landkruza na kuwapandisha Ngorongoro. Tunashuka kreta, tukibahatika tunaona faru, tunarudi. Lakini faru haonekani kila dakika, na njia ni ndefu, kwa hiyo saa zilizobaki nazijaza kwa historia. Nawaonyesha mashamba ya kahawa yaliyokuwa ya walowezi, nyumba zao za mawe, makaburi yao yenye majani. Naeleza vizuri, nisijifiche. Kuna wageni wamenililia.

Sasa wageni wengine huwa na maswali magumu. Kabla ya shamba hili nani alikuwa anaishi hapa? Waliondokaje? Waliulizwa? Mtu amelipia likizo yake, halafu anakaa nyuma ya gari na uso wa msiba.

Kwa hao nilikuwa na sentensi yangu. Napunguza mwendo, nashusha sauti, natazama mbele kama mtu anayewaza, kisha nasema: "Tusiwahukumu watu wa zamani kwa mizani ya leo. Walifuata walichokijua."

Hiyo sentensi ni dawa, ndugu zangu. Mzee mmoja wa Kizungu alikuja kuona shamba ambalo babu yake alikuwa bwana mkubwa wake. Asubuhi hakuweza hata kunywa chai. Nilipomwambia ile sentensi alinishika bega, na mchana kule chini kwenye kreta akamaliza lanchi boksi yake yote mpaka yai. Jioni alinikumbatia. Bahasha aliyoniachia siisemi.

Wala sikuwa nabagua. Niliwasamehe Wajerumani, nikawasamehe Waingereza, nikawasamehe Wamaasai waliochukua ng'ombe zetu na sisi Wairaqw tuliochukua malisho yao. Nilisamehe kila mtu pale njiani kabla ya kufika geti la hifadhi. Jambo moja tu sikuligundua mapema: katika miaka yote hiyo, garini hakuwahi kupanda mtu aliyetendewa.

Sasa njooni nyumbani.

Ukoo wetu uko Endamarariek. Mwaka huu tuliamua kumjengea babu kaburi. Alikuwa amelala chini ya udongo na msalaba wa mbao muda mrefu, na wajukuu tumeshakuwa watu wazima wenye vigae sebuleni, ikawa aibu. Tukachanga: vigae, turubai, misa, ng'ombe, na sare ya kitenge kwa wanawake wote wa ukoo na mashati ya kitenge hicho hicho kwa wanaume. Baba mdogo, ambaye ndiye mtoto wa mwisho wa babu na mkuu wa ukoo sasa, alisema msemaji wa siku hiyo nitakuwa mimi. Alisema, "Wewe kusema ndiyo kazi yako."

Nikavimba kichwa. Nikasema kama ni shughuli, basi iwe shughuli yenye historia. Nikamkumbuka shangazi.

Shangazi huyu nitamwita Rejina, si jina lake. Ni dada wa marehemu baba yangu. Alipokuwa msichana alipata ujauzito akiwa hajaolewa. Kwa mila zetu za wakati huo, msichana wa hivyo alikuwa na mkosi. Iliaminika akibaki nyumbani ng'ombe watatupa mimba na mvua itakataa. Kwa hiyo alitolewa. Hakuna jirani aliyeruhusiwa kumpokea, na akishatoka hata jina lake lilikuwa halitajwi tena kwenye nyumba ile. Babu ndiye aliyemtoa, kwa mkono wake. Shangazi akapita msituni akaenda kwa Wamaasai, akaolewa huko, akazaa, akazeeka. Miaka mingi aliishi Olbalbal kwenye ukame, siku hizi yuko Endulen karibu na hospitali ya misheni. Sisi watoto tulimjua kwa kunong'onezwa.

Nikawaza: nikimleta yeye siku ya kaburi, akae mbele, watu walie, tusameheane. Nilishaiona picha yenyewe kichwani. Sikuwaza kabisa yeye anataka nini.

Lakini kabla sijawapeleka Endulen, kuna jambo lingine linabidi niliseme, na hili linanichoma.

Nina binti, nimwite Juditha. Alikuwa chuo Arusha. Pasaka alirudi nyumbani, na mama yake alipomtazama mara moja tu akajua. Ujauzito. Kijana mwenyewe ameshazima simu.

Mimi ni mtu wa kisasa. Sikumpiga. Sikumtukana. Sikumfukuza, Mungu wangu, mimi nimfukuze mtoto? Nilikaa naye, nikamwambia makosa hutokea, maisha yanaendelea. Kisha nikampigia rafiki yangu mmoja wa Singida ambaye mkewe ni mtu mpole, nikaomba Juditha akapumzike huko mpaka ajifungue. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu pale kanisani, shughuli ya babu ilikuwa inakuja, padre atakuwepo, wageni watakuwepo. Nikamnunulia tiketi nzuri, siti ya dirishani. Majirani walipouliza tukasema Juditha yuko fildi, mafunzo ya kazi ya chuo. Wanachuo wote wanaenda fildi, nani atashangaa?

Mama yake alimshonea sare ya kitenge kama wanawake wengine, akaikunja, akaiweka kabatini.

Basi nikaenda Endulen kumchukua shangazi. Nilimkuta nje ya nyumba yake amekaa kwenye kigoda, shuka la bluu, shanga shingoni, wajukuu wanamwita koko, yaani bibi. Nikatoa "takwenya" yangu, ile salamu ya Kimaasai ya kuwafurahishia watalii. Akanitazama akanijibu kwa Kiiraqw, Kiiraqw cha zamani ambacho kwetu wanakisema wazee tu. Nikaona haya kidogo.

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu," akasema kwa Kiswahili. "Una paji lake. Nani amekutuma?"

"Nimejituma, shangazi. Tunamjengea babu kaburi. Nimekuja kukuchukua."

Akachezea shanga zake. Kisha akauliza, "Siku hiyo mtataja watoto wa marehemu?"

"Lazima, shangazi. Mmoja mmoja, kwa jina."

"Na mimi?"

"Na wewe. Msemaji ni mimi mwenyewe. Nitakutaja."

"Basi nitakuja," akasema. "Shamba sitaki. Ng'ombe ninao. Nataka nitajwe pale pale walipokataza nisitajwe. Halafu nirudi nyumbani kwangu nife vizuri."

Nikamwahidi. Nikamshika mkono na kumwahidi.

Tulipokuwa tunarudi, tukizunguka juu ya kreta, ukungu umeshuka na njia inateleza, simu yangu ikaita. Mikono yote ilikuwa kwenye usukani, nikabonyeza spika.

"Shikamoo baba."

Alikuwa Juditha. Nikatazama pembeni, shangazi ameangalia mbele. "Marahaba mwanangu. Fildi inaendaje?"

Swali hilo akaliruka. Kisha akasema, "Baba, naomba nije siku ya babu mkubwa. Siku hiyo tu. Nitakaa jikoni. Sitatoka nje watu wasinione."

"Si sasa, mama. Watu watakuwa wengi. Wewe pumzika. Mambo yakishapita tutaongea."

"Yakishapita yapi, baba?"

Hapo mtandao ukakata. Nilimshukuru Mungu kwa ule mtandao wa juu ya kreta, ambao siku nyingine nautukana.

Baadaye shangazi akainua mkono wake, akaonyesha msitu upande wa dirisha lake. "Njia yangu ilipita humu," akasema. Nami nikawasha redio mpaka getini.

Siku ya shughuli asubuhi nikagundua kosa la kwanza. Sare zilikatwa kwa hesabu ya wanawake wa ukoo, na shangazi hakuna aliyemhesabu. Wanawake wote wana kitenge, yeye peke yake na shuka la bluu. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na sare iliyokunjwa. "Vaa hii shangazi, itakutosha. Ni ya Juditha. Yeye yuko fildi." Sauti ilimkatika pale kwenye neno fildi. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama mke wangu, akaivaa. Ilimkaa sawasawa.

Kosa la pili lilikuja na baba mdogo. Alinivuta nyuma ya turubai kabla ya misa.

"Umemleta," akasema. "Si vibaya, ni dada yangu, atakula, atakunywa. Ila jina usilitaje kwenye kipaza sauti."

"Baba mdogo, nimemwahidi."

"Ukilitaja, vijana watauliza kisa. Wakiuliza kisa, baba anaonekana mnyama siku tunayomwekea vigae. Unataka hivyo? Padre amekaa pale."

Nikatafakari. Naapa nilitafakari. Upande mmoja mama mzee aliyeomba kitu kimoja tu. Upande mwingine baba mdogo, padre, mbunge wa zamani mstari wa mbele, na kamera. Nikajiambia nitatafuta njia ya katikati. Mimi katika kazi yangu njia ya katikati haijawahi kunipotea.

Misa ikaisha, kaburi likabarikiwa, vigae vinang'aa. Nikashika kipaza sauti. Nikawataja watoto wa babu mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia, nikaanza na wa kwanza, nikaja wa pili, na kwa wa tatu nikaruka. Niliruka vizuri sana, hata mimi nilijisifu. Nikamalizia na baba mdogo, kisha nikashusha sauti, nikatazama mbali, nikasema:

"Na wapo ambao njia zao zilikwenda mbali na nyumbani, kwa sababu ya mila za wakati ule. Ndugu zangu, tusiwahukumu wazee wetu kwa mizani ya leo. Walifuata walichokijua."

Makofi. Padre alitikisa kichwa kukubali. Baba mdogo alijifuta macho. Mbunge wa zamani alimnong'oneza jirani yake, nadhani alikuwa anaiba sentensi.

Shangazi akasimama. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake na kitenge chake cha kuazima, nami nilimwona akija nikadhani anakuja kunikumbatia. Nikafungua mikono. Akaipita mikono, akachukua kipaza sauti.

"Mimi naitwa Rejina," akasema. "Ni mtoto wa huyu aliyelala hapa. Wa tatu."

Hata waliokuwa wanapakua pilau kule nyuma waliacha miko kwenye sufuria.

"Mwanangu amesema wakati ule. Wakati ule na mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtu wa wakati ule ule, na niliona ni kosa. Mama yangu aliona ni kosa. Alinifuata mpaka mwanzo wa msitu na kibuyu cha maziwa, akalia mpaka akasahau kunipa, ikabidi arudi tena. Yule mama wa bondeni, simtaji maana wajukuu zake wamekaa hapa, alinilaza zizini kwake, na alijua wakimkuta na yeye atatengwa. Hao wote walikuwa watu wa wakati ule. Mbona mizani yao hamuitumii?"

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

"Na baba," akasema. Hapo baba mdogo aliinamisha kichwa. "Nyinyi hamjui, kwa sababu hamkutaka kuniuliza. Baba alikuja Olbalbal. Mimi nilikuwa na ng'ombe kwenye maji, nikamwona mzee anakuja kwa miguu, viatu ameshika mkononi visiishe. Nikasema huyu ni baba. Hakunieleza habari za mila. Hakusema wazee wa ukoo walimlazimisha, na ni kweli walimlazimisha, mimi nilisikia. Alisema, 'Rejina, nilikosa. Na nilijua siku ile ile.' Akanywa maziwa, akalala kwangu, asubuhi akamshika mtoto wangu kichwani, akarudi. Mimi na yeye tulimaliza. Ninyi mnamtetea mtu aliyekwisha kukiri. Sikuja kumshtaki baba yangu. Nilikuja nitajwe."

Akanirudishia kipaza sauti.

Ndugu zangu, pale nilikuwa na nafasi. Jina lenyewe alishalisema mwenyewe, kilichobaki ni mimi kulirudia tu. Rejina. Hata mtoto mdogo analiweza. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Tunamshukuru sana shangazi kwa neno lake zuri. Sasa tukaribie chakula, kamati ya chakula iko tayari."

Miaka yangu yote ya kuongea, na hicho ndicho kilichotoka.

Watu walikula. Walikula vizuri, pilau halina kosa. Mimi nilijificha kwenye gari nikijifanya natafuta chaja. Shangazi akanifuata huko, ameshavaa shuka lake, sare ameikunja mikononi.

"Hii ni ya mtoto wa kwenye simu," akasema. "Utampelekea wewe, au nimpelekee mimi?"

"Shangazi, Juditha yuko fildi."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mimi pia nilikwenda fildi, mwanangu," akasema. "Sijarudi mpaka leo."

Nikataka kumwambia si sawa. Nikataka kumweleza kwamba mimi sikumfukuza mtoto, kwamba anakula, analala kitandani, natuma matumizi. Nikafungua mdomo, nikasikia naanza na "shangazi, lazima uelewe hali ilivyo," nikanyamaza. Nyuma yake mke wangu alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuniuliza ruhusa. Alimwambia shangazi mtaa, jina la mwenye nyumba na basi la asubuhi.

Kesho yake wanawake hao wawili wakaenda Singida. Nilisema ningewapeleka, lakini nilikuwa na wageni. Ndivyo nilivyosema, na ni kweli nilikuwa nao. Tulipofika kwenye yale makaburi yenye majani, mama mmoja akaniuliza kabla ya hawa nani alikuwa anaishi hapa na waliondokaje. Nikapunguza mwendo, nikashusha sauti, na sentensi ikagoma kutoka. Nikamwambia sijui. Nikaongeza kwamba waliopo wanaojua tunaweza kwenda kuwauliza, akitaka. Akasema atafurahi, wenzake wakasema wanataka kuona faru.

Nilidhani Juditha atarudi nyumbani na mama yake. Mke wangu alirudi peke yake, macho yamevimba. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akanijibu, "Amekwenda na bibi yake Endulen. Getini walimuuliza anakwenda kwa nani, akasema kwa bibi, na bibi akasema huyu ni wangu. Wewe ulishawahi kusema hivyo mahali popote?"

Akaingia ndani. Tangu siku hiyo chakula napewa, maneno nahesabiwa.

Juditha alijifungua salama Endulen, mtoto wa kike. Mimi nilipata habari kwa ujumbe wa simu aliotumiwa mama yake. Nikasubiri kidogo, nikajikaza, nikanunua khanga, sabuni, mchele, nguo za mtoto, nikaenda. Njia ile ile.

Juditha alinipokea vizuri. Afadhali angenitukana. Alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa, akaniuliza habari za njia na habari za wageni, kama anavyoulizwa mtu aliyepitia tu. Mtoto alikuwa mgongoni kwa shangazi amefungwa kwa kipande cha kile kitenge cha sare. Wamekikata. Jina la mtoto ni Rejina.

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Mwanangu, ujue baba yako nilikuwa na mzigo mkubwa. Ukiangalia hali ya wakati ule..."

Akainua uso. "Wakati upi, baba? Ilikuwa Pasaka hii."

Shangazi akageuka upande, nikaona mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Mimi nilitamani nicheke naye na sikuweza.

"Ungenifukuza kwa fimbo," Juditha akasema, taratibu kabisa, "ningejua nimefukuzwa, ningelia, ningekuja hata kukubembeleza. Wewe ulinikatia siti ya dirishani. Nilikaa Singida nikijiuliza kama nina haki ya kuumia. Siwezi kurudi kwenye nyumba niliyotolewa kwa upole vile, baba. Utanitoa tena na sitajua."

Nikamwambia nampenda. Akasema anajua. Nikamwambia nyumbani ni kwake. Akasema asante. Nikasema kila kitu ambacho mtu anaweza kusema isipokuwa lile neno moja. Nikaangalia saa, nikasema wageni wananisubiri. Kweli walikuwa wananisubiri. Katika maisha yangu sijawahi kukosa wageni wa kunisubiri.

Ndiyo hali niliyonayo mpaka leo ninapowaandikia. Kila wiki napita ile njia panda ya kwenda Endulen nikiwa na gari lenye matairi mapya na mafuta tele, na nakunja upande wa pili. Babu yangu, yule niliyemtetea, alitembea kwa miguu mpaka Olbalbal, viatu mkononi, akasema neno lake bila kusingizia mila wala ukoo wala zama. Mimi neno hilo hilo nimeliandika mwanzo kabisa wa barua hii, kwa watu nisiowajua. Linasomeka vizuri. Kwa Juditha bado.

Sasa wewe unayesoma, ambaye una mtu wako umemweka "fildi," iwe Singida, iwe Babati, iwe chumba cha uani, nakuomba usijifariji kwamba hukutumia fimbo. Na usingoje mambo yapite. Mambo hayapiti, ni watu wanaopita. Panda basi leo ukamchukue, na ukifika usianze na hali ilivyokuwa.

Maana najua kitakachonipata nisipokwenda. Yule Rejina mdogo atakua. Nimemsikia analia, ana sauti kubwa, atakuwa msemaji kama babu yake. Siku ya kunijengea kaburi atapewa kipaza sauti, atayatazama makabati ya siri za ukoo wetu na kuyafunga vizuri, atashusha sauti aseme tusimhukumu babu kwa mizani ya leo, wakati ule alifuata alichokijua. Watu watampigia makofi.

Nawaomba, yeyote atakayekuwepo siku hiyo asimame amwambie kwamba nilijua. Nilijua siku ile ile, nikiwa nakata tiketi.